Buluu Iko Chini: Maneno ya Kumuaga Mzee Julius

Mheshimiwa Mwenyekiti wa chama chetu, Mama Monicah. Mzee Julius, mgeni wetu wa heshima, ambaye kesho asubuhi anapanda ndege kurudi nyumbani baada ya miaka kumi na minne katika nchi hii. Ndugu viongozi wa tawi la Jeddah. Ndugu wageni waalikwa mliotoka Taif na Yanbu. Dada zetu mliopewa ruhusa ya saa nne tu na mnaochungulia saa kila dakika. Mabibi na mabwana. Na wewe, mke wangu Metrine, uliyekaa karibu na birika la chai ukinitazama kwa lile jicho ninalolijua: hamjambo?

Hamjambo tena? Sasa nimesikia.

Kwa wasionifahamu, naitwa Wesley. Mimi ni katibu wa chama hiki tawi la Riyadh, naishi Shumaisi, na kazi yangu ni udereva katika duka la kuchapisha mabango. Lakini hayo yote ni madogo. Jambo kubwa ni kwamba mimi ni mume wa mtu. Leo ni wiki ya saba. Ndiyo, chekeni, nimezoea. Pale dukani Kevin ameacha kuniita Wesley, ananiita Bwana Harusi, na anasema nikiendesha gari natabasamu hadi polisi wa barabarani wananishuku. Nifanye nini? Mke yuko Jeddah, mume yuko Riyadh, kila mmoja na kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, na ikama yake, kibali cha kukaa, na kati yetu kuna safari ya basi ya saa kumi na mbili. Tangu tulipotoka kanisani Kitale mwezi wa Desemba, hii ni mara ya pili kukaa naye chumba kimoja, na chumba chenyewe ndicho hiki, chenye watu tisini na sufuria tatu za pilau. Na bado nina furaha! Nikimtazama tu pale alipo, na kile kitambaa cha njano, naona kama Mungu alikaa chini siku nzima akafanya kazi hiyo moja.

Turudi kwenye shughuli. Mama Mwenyekiti alinipigia simu wiki mbili zilizopita, akasema, "Wesley, wewe una mdomo. Njoo utoe shukrani kwa niaba ya watu wa Riyadh, umkabidhi Mzee zawadi." Nikamwambia Metrine. Metrine akasema, "Sawa. Sema asante, mpe zawadi, ukae. Umenisikia, Wesley? Ukae." Nikamwahidi. Mimi ni mtu wa kutimiza ahadi, na leo nitatimiza zote tatu, ila sikumwahidi nitachukua dakika ngapi kati ya asante na kukaa.

Basi, Mzee Julius, asante.

Asante kwa sababu wengi wetu tulipofika hapa hatukujua hata kuomba maji. Nani alitufundisha? Ni wewe. Ulituketisha pale Bani Malik, sebuleni kwako, ukatuambia yalla ni twende, halas ni basi, mafi ni hakuna, na ukituambia mafi ulikuwa unacheka, ukisema hilo ndilo neno tutakalolisikia kuliko yote. Shirleen alipougua figo, ni nani aliyekaa naye hospitali siku mbili kwenye kiti cha plastiki, akimtafsiria kila neno la daktari? Zacharia alipozuiliwa pasipoti, ni nani aliyevaa koti lake la kijivu, akaenda kwa yule kafili, akakaa kwa adabu, akanywa gahawa vikombe saba, akatoka na pasipoti mfukoni? Wote mnajua. Mzee Julius amekuwa mdomo wetu. Aliyekuwa na neno na hana lugha alimpa Mzee, na Mzee alilipeleka.

Alilipeleka. Kumbukeni neno hilo, ndugu zangu, kwa sababu sasa nataka kuwasimulia habari ya neno moja lililopelekwa likafika, lakini mwenyewe akaachwa mlangoni.

Hamfahamu wote kazi anayofanya mke wangu. Yeye ni mfagiaji, na simwonei haya hata kidogo, kwa sababu siku ya kwanza nilipomwona alikuwa ameshika ufagio na nilidhani ameshika ua. Anafagia bohari moja kusini mwa mji huu, na bohari hiyo haina mchele wala vitambaa. Ina nyumba. Nyumba nzima ya Warumi imo mle ndani, ila imevunjika. Karibu miaka elfu mbili iliyopita matajiri fulani wa Kirumi walijijengea jumba ufukweni kwao, wakaita mafundi, mafundi wakapaka kuta plasta na kuchora juu yake ikiwa bado mbichi. Halafu jumba likaanguka, na picha zikaanguka nalo. Vipande elfu kumi na moja! Vingine vikubwa kama sahani, vingine vidogo kama ukucha wa mtoto. Vililetwa kwa makreti kutoka Italia, kwanza vichunguzwe hapa Jeddah, kisha vipelekwe Riyadh kwenye maonyesho yatakayofunguliwa Jumatatu hii.

Anayeongoza kazi hiyo ni mama mmoja wa Kiitaliano, nywele nyeupe pepepe, miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani. Wote wanamwita Dokta. Metrine amenieleza kazi yao mpaka naiota. Kila kipande kinasafishwa kwa brashi laini kama ya kupaka poda, kinapewa namba, kinapigwa picha mbele na nyuma, kisha kinalazwa kwenye trei ya mchanga ili kisisuguane na kingine. Halafu wataalamu wanakaa. Wanachukua ukingo wa hiki, wanausogeza kwenye ukingo wa kile, na kama havikubaliani hawalazimishi. Wanarudisha, wanachukua kingine. Siku nzima. Kimya kama kanisani. Si kazi nzuri hiyo? Mtu anayeweza kufanya kazi hiyo si anaweza kupenda maisha yake yote bila kuchoka?

Samahani. Nimepotea kidogo.

Katika bohari hiyo kuna karatasi mlangoni, imeandikwa na kampuni ya usafi, kwamba mfagiaji afagie kati ya meza, asiguse kitu, na asizungumze na wataalamu. Mwenye neno amwambie msimamizi. Na msimamizi ni nani? Ni Mzee wetu tunayemuaga leo.

Sasa kulikuwa na meza, meza namba sita. Hapo Dokta alikuwa anajaribu kurudisha ukuta mmoja wa chumba cha kulia chakula. Alikuwa na vipande vya buluu vyenye michirizi myeupe, na vipande vyekundu. Buluu yenye weupe, mtu yeyote ataiona ni nini? Mbingu na mawingu. Kwa hiyo wakaipanga juu, nyekundu wakaipanga chini, na kwa miezi mitano, nasema miezi mitano, watu waliosoma hadi shule zikaisha walikaa kwenye meza hiyo na kingo zikakataa kukutana. Na miezi mitano hiyo yote Metrine alikuwa anapita na ufagio wake, anaizunguka meza namba sita, anatazama, anapita.

Mke wangu anatoka nyumba ya udongo. Nyumba ya mama yake, upande wa kule Kitale, kila Desemba kabla ya Krismasi inapakwa upya, na tangu akiwa na miaka saba Metrine amekuwa akiipaka pamoja na mama yake, udongo mwekundu, udongo mweupe, na majivu ya kuchorea chini. Kina mama mliopaka nyumba mnajua. Unaanzia wapi? Semeni! Juu. Unaanzia juu, chini ya paa, unashuka, kwa sababu ukianzia chini matope ya juu yatachuruzikia kazi uliyomaliza. Na kazi hiyo haiishi kwa siku moja. Leo unapoendelea chini ya pale ulipoachia jana, udongo mbichi wa leo unaulalia kidogo udongo wa jana, unatengeneza ukingo mdogo kama mdomo. Metrine anasema kidole kinaujua ukingo huo hata ukifumba macho.

Basi siku moja ya mwezi wa tisa, Dokta ametoka kwenda kunywa kahawa, Metrine akasimama mbele ya meza namba sita. Kuna kipande kimoja chenye rangi zote mbili, buluu upande huu, nyekundu upande ule. Hakukigusa. Alikodoa macho tu. Akaona ule mdomo. Buluu imeilalia nyekundu. Nyekundu ilitangulia. Kwa hiyo nyekundu iko wapi? Juu! Na kando ya ukingo kulikuwa na alama ya kidole gumba, cha fundi aliyekuwa akibonyeza plasta yake iungane na ya jana, kama vile mama yake Metrine anavyobonyeza. Aliniambia, "Wesley, nilijiona kama nimekutana na mtu wa kwetu."

Akamwita Mzee. Maneno yaliyosemwa pale ninayajua neno kwa neno, na Mzee yupo, atanisahihisha nikikosea.

"Mzee, hii meza wameipanga kichwa chini miguu juu."

"Metrine, fagia."

"Buluu iko chini, Mzee. Angalia ukingo wake. Imeilalia nyekundu."

"Na wewe umesomea wapi hayo?"

"Kwa mama."

"Kwa mama! Haya bwana. Yalla, fagia, Dokta anarudi."

"Si umwambie basi? Mimi siruhusiwi. Mwambie tu aangalie ukingo."

Na Mzee, kwa sababu ni mtu mwenye akili, hilo sitalikana hata nikiwa na hasira, aliinama akaangalia. Akaona. Dokta aliporudi, Mzee akamwendea, akasema kwa Kiingereza, "Dokta, mimi nimeona kitu."

Mimi! Mimi nimeona kitu! Na Metrine amesimama pale pale, hatua mbili, ameshika ufagio, na Kiingereza anakijua, kwa sababu huyu mwanamke ana cheti cha Kidato cha Nne kizuri kuliko changu, na kuliko cha wengi mnaocheka huko nyuma.

Dokta aligeuza trei. Akavua miwani ya usoni, akavua na ya kichwani, akapiga kelele iliyofanya walinzi waje mbio. Katika siku tatu vipande arobaini na kimoja vilivyokuwa vimegoma miezi mitano viliungana kimoja baada ya kingine. Haikuwa mbingu, ndugu zangu. Ilikuwa bahari. Ile michirizi myeupe ilikuwa povu. Tajiri yule alipokuwa amejilaza akila chakula chake, bahari ya nje iliingia chumbani ikamzunguka miguuni. Miaka elfu mbili bahari hiyo ilikuwa imepotea, na aliyeirudisha mahali pake ni binti wa Kitale mwenye ufagio.

Jioni ya siku ile Dokta alipogeuza trei, nilikuwa Manfuha, kule Riyadh, napeleka bango la kinyozi, nikapata ujumbe wa sauti. Dakika kumi na saba. Wakati huo hatukuwa hata wachumba. Nilikuwa tu yule dereva anayeleta lebo za trei kutoka Riyadh na kutafuta sababu ya kukawia. Wanaume wengine huandikiwa nakuwaza, mpenzi, usiku mwema. Mimi niliambiwa, "Wesley, buluu iko chini!" Nilisikiliza dakika zote kumi na saba nimeegesha gari, mwenye kinyozi anagonga kioo, namwambia subiri, subiri kidogo. Na zilipokwisha nilijua. Nilijua huyu ndiye nitakayemuoa, kwa sababu sijawahi kusikia binadamu akifurahi hivyo kwa kitu ambacho si chake.

Ujumbe huo ninao. Simu hii hapa. Ningeweza kuibonyeza mkausikia wote. Lakini sitaibonyeza, na nitawaambia baadaye kwa nini.

Sasa sikilizeni nilivyoyajua mengine. Metrine hakuniambia. Alisema tu, "Mzee amempelekea Dokta, na Dokta amefurahi," nikaridhika. Wiki tatu zilizopita, kule Riyadh, tunapakia mabango ya maonyesho kwenye gari langu. Bango moja refu kuliko mimi, la kusimamishwa kando ya ukuta ule. Nikalisoma, kwa sababu mimi nasoma kila ninachobeba. Limeandikwa kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, na maana yake ni hii: mpangilio sahihi wa ukuta huu ulitambuliwa na msimamizi, Bwana Julius, ambaye alikumbuka jinsi mama yake alivyokuwa akipaka nyumba yao ya udongo.

Mama yake!

Mzee Julius, nakuuliza mbele ya watu hawa wote, kwa heshima yote niliyo nayo: jina ulilichukua, sawa, tuseme ulijisahau. Lakini mama? Ulimchukua na mama? Ni nani katika chumba hiki asiyejua kwamba ulizaliwa Nakuru, katika nyumba za mawe za watu wa reli? Si umetuhadithia mara mia moja? Si ulisema marehemu mama yako, Mungu amweke pema, alikuwa akishona nguo kwa cherehani, na kwamba hakupenda mlete matope ndani hata ya viatu? Udongo gani huo ulioupaka wewe? Uliupaka lini? Mkono gani?

Niliketi kwenye gari. Kevin akaniuliza, "Bwana Harusi, leo hakuna kutabasamu?" Nilimpigia Metrine, na hapo ndipo aliponiambia yote, polepole, kama mtu anayekiri kosa. Kosa la nani? Na akasema, "Wesley, wacha. Mzee anarudi nyumbani. Wacha arudi na kitu."

Arudi na kitu! Miaka kumi na minne ya heshima yetu si kitu? Hizi sufuria, hizi nyimbo, watu waliopanda mabasi kutoka Yanbu, si kitu?

Nilikupigia na wewe, Mzee, na wewe hukukana, nakupa sifa hiyo. Uliniambia, "Kijana wangu, umelewa mapenzi. Jina kwenye ukuta litamsaidia nini mwanamke wa kufagia? Nilimlinda. Kampuni ingejua anakodolea macho vitu vya watu badala ya kufagia, wangemrudisha kwao."

Nimelitafakari jibu hilo siku ishirini. Nimeendesha gari nikilitafakari. Na nasema hivi. Kama ulitaka kumlinda, ungemwambia Dokta, mmoja wa watu wangu ameona kitu. Mmoja wa watu wangu! Nani angefukuzwa kwa maneno hayo? Kumlinda mtu ni kusimama mbele yake asipigwe. Wewe ulisimama mbele yake asionekane. Na kuhusu mapenzi, ni kweli, nimelewa, na sitaki kulevuka. Lakini hata kama angekuwa si mke wangu, hata kama angekuwa dada yeyote aliyekaa hapa anachungulia saa, ingekuwa bado ni wizi.

Nimelisema neno hilo. Mama Mwenyekiti ananikunjia uso. Nisamehe, Mama, nimelisema na siwezi kulirudisha.

Maana fikirini, dada zangu. Mnaamka kabla ya wenye nyumba. Madam anasifiwa kwa chakula, na nani alikipika? Baba anasifiwa kwa watoto wenye adabu, na nani aliwalea tangu wakiwa kwenye nepi? Tumezoea kufanyiwa hivyo na watu wanaotulipa. Tunameza, tunasema halas, ndiyo kazi. Lakini tukifanyiana sisi kwa sisi, kwa mdomo ule ule tuliouamini, tutamlalamikia nani?

Na mnaosema ni jina tu, ngojeni. Nilimwandikia Dokta. Nilitumia kamusi, Kevin akasahihisha, tukatuma. Alinijibu siku ya pili. Alisema yeye anajua tu alichoambiwa na Bwana Julius. Kwamba hawezi kubadilisha maandishi kwa neno la mume. Lakini Bwana Julius mwenyewe akimwandikia na kusahihisha, atabadilisha kwa furaha. Akaongeza kwamba msimu ujao vinaletwa vipande vingine, vya vyumba vingine vitano vya jumba lile lile, na anatafuta mtu mmoja wa kukaa naye mezani, mwenye jicho kama lile. Alikuwa ameshamwomba Bwana Julius, na Bwana Julius alimjibu kwamba amezeeka, anakwenda kupumzika.

Mnasikia? Kiti kipo. Kiti mezani, mbele ya trei ya mchanga, na brashi laini mkononi. Dokta anamtafuta mtu huyo, na mtu huyo anapita nyuma yake kila asubuhi na ufagio! Mkataba wa Metrine wa kufagia unakwisha mwezi wa tatu. Bosi wangu dukani naye nimemwomba. Ameniambia, "Wesley, nipe karatasi iliyotiwa sahihi na huyo mzee, Jumapili nachapisha bango jipya. Bila karatasi, mafi." Maonyesho ni Jumatatu. Mzee anaruka kesho asubuhi. Siku tuliyo nayo ni leo, na saa tuliyo nayo ni hii.

Ndiyo sababu simu sikuibonyeza. Nikiibonyeza, mtasikia sauti ya Metrine, mtamwamini, mtapiga kelele, na Mzee ataondoka hapa ameshindwa. Sitaki ashindwe. Sikuja kwa basi saa kumi na mbili kumshinda mtu aliyekaa na Shirleen kwenye kiti cha plastiki. Nataka aseme mwenyewe, kwa mdomo ule ule.

Sasa nafika kwenye zawadi. Mama Mwenyekiti, nakushukuru kwa kutuachia sisi wa Riyadh tuichague. Mzee, sogea kidogo. Ni kalamu. Ni nzito, ishike uone. Pale dukani tuna mashine ya kuchonga, na nilikuchongea mimi mwenyewe, baada ya kazi, siku ile ile niliyokuwa na hasira kuliko siku zote. Soma. Jina lako lote, majina yote matatu. Nililipima mara mbili kabla ya kuchonga, kwa sababu jina la mtu nilihofia kulikosea.

Na hii ni karatasi. Ni barua ya kwenda kwa Dokta, mistari minne, Kiingereza chepesi. Inasema kwamba aliyeona ukingo wa buluu si wewe bali ni mfanyakazi wako, kwamba wewe ulipeleka tu neno lake, na kwamba mama aliyepaka nyumba ile ni mama wa huyo mfanyakazi. Mahali pa jina nimeacha wazi. Sikutaka kuliandika mimi. Nimeliandika jina lake kwenye madaftari yangu yote kama mwanafunzi, halina shida na mkono wangu. Linahitaji mkono wako.

Ukikataa, Mzee, kalamu ni yako bado. Utapanda ndege nayo. Pilau utakula, nyimbo tutakuimbia. Hakuna atakayekugusa. Lakini utajua, kila utakapoitoa mfukoni kuandika jina lako, kwamba sisi lako tulilichonga sawasawa.

Metrine, usiinamishe kichwa. Hujafanya kosa lolote. Inua uso, mpenzi wangu, watu wakuone.

Nimemaliza upande wangu. Nasubiri.

Mpisheni. Mpisheni Mzee afike mezani. Shirleen, ondoa hizo sahani.

Ngojeni, msipige makofi bado, Mzee anauliza kitu. Nini, Mzee? Sema, wanyamaze.

Anauliza jina la pili la Metrine.

Miaka mitatu chini yake, na anauliza jina lake la pili! Sawa. Sawa, si vibaya, afadhali kuuliza. Ni Nanjala, Mzee. Metrine Nanjala. Hapana, langu usiliweke, ingawa Mungu anajua ningependa kuliona pale kando ya bahari. Alipoiona buluu alikuwa bado hajanipa mkono. Alikuwa Nanjala wa mama yake, na hivyo ndivyo liandikwe.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mzee Julius, ndugu wote mlionipa masikio yenu wakati pilau inapoa, asanteni sana.

Metrine, nimesema asante, nimempa zawadi. Sasa nakaa.